Chini ya Lipu

Nabandua lipu kwa ujira wa siku.
Jengo la kona, Mtaa wa Soko, mjini Strathmuir,
ghorofa tatu za mawe yaliyokunywa moshi wa viwanda hadi yakalewa weusi.
Chini wanauza makava ya simu,
na kijana Kerr anabadilisha betri huku akipiga mluzi.

Mlangoni pana kibao cha shaba.
Kinamtaja msanifu, kinautaja mwaka,
kinamtaja meya aliyekata utepe.
Kimeng'aa, kimeshiba, kimenyamaza.

Mimi niko juu, chumba cha nyuma, patasi mkononi.
Unyevu umeuvimbisha ukuta kama shavu lenye jino bovu.
Nagonga: sauti ya debe tupu.
Nagonga tena, bamba zima linaporomoka,
nyusi zinajaa vumbi, nazeeka ghafla,
na vumbi linapotua, naona mwandiko.

Penseli. Herufi ndogo za mtu aliyeandika amesimama,
jicho moja mlangoni.
*Grizel Mudie, pauni tisa na shilingi nne*, na alama ya vema.
*Mjane Petrie, pauni mbili*, vema.
*Agnes Lorimer, kumi na moja, za mazishi*, vema.
Majina thelathini na saba yakiteremka hadi sakafuni.
La mwisho halina alama.

Shangazi Nettie hapendi kuulizwa.
Alimenya viazi vitatu kabla ya kujibu:
"Huyo ni Effie, dada wa bibi yangu. Chini palikuwa benki.
Juu palikuwa simu za mji mzima."

Basi kaa hapo, Effie, mbele ya ubao wa matundu,
miaka ishirini na mmoja, nyaya mapajani kama uzi wa kufuma,
umeapa kwa maandishi kutosikia unachokisikia.
Jumanne usiku meneja anaomba Edinburgh.
Unamuunganisha. Unapaswa kuchomoa sikio lako.
*Ijumaa tunafunga*, anasema. *Wakubwa wameshatoa zao.
Wale wa kiwandani wasiambiwe.*

Watu husema kuta zina masikio.
Uongo. Ukuta ni jiwe na chokaa.
Aliyekuwa na masikio ni msichana wa zamu ya usiku.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila methali haisemi kibaba kikijaa kinabebwa na nani.
Wafumaji wa magunia hawakuwa na simu.
Kwa hiyo alitembea. Siku mbili, vichochoro vyenye barafu,
ngazi za nyuma, milango isiyo na kengele:
"Usikimbie. Usiende na jirani yako.
Toa kama mtu anayetaka viatu vya mtoto."
Kisha alirudi zamuni, akahamisha kabati,
akatia vema.

Ijumaa mlango haukufunguka.
Gazeti liliandika kwamba benki iliuawa na porojo za wanawake.
Effie hakukana, hakukiri. Alifukuzwa kwa kudhaniwa tu,
akaenda kufuma magunia,
na mashine zikamla masikio yote mawili
kabla hajatimiza arobaini.
"Ulikuwa ukimwita," alisema shangazi, "unapunga kitambaa."

Leo nimepiga magoti kusoma lile la mwisho.
*E. Gourlay, pauni sita na nusu.*
Nimekaa sakafuni, matako kwenye kifusi, hadi nikaelewa:
msichana wa simu akionekana dirishani anatoa zake,
meneja angejua mara moja waya gani umevuja,
na Mjane Petrie angemkuta karani ameshafunga droo.

Mwenye jengo anataka ukuta mweupe kufikia Ijumaa.
Ijumaa tena.
Nitapiga chokaa laini, ya kizamani, isiyong'ang'ania,
fundi ajaye asihangaike.

Nilitoa penseli yangu nimwekee alama.
Nikaigusisha ukutani.
Nikairudisha nyuma ya sikio.
Hakuzitoa. Nisije nikamsemea uongo mtu
aliyenyamaza maisha yake yote.

Chini simu inaita.
Mluzi unakatika. "Haloo?" anasema Kerr. "Sema tu,
nakusikia."